Wazee wa vita wafuatwe nyumbani, na mfamasia awepo

Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye safu yako. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, viongozi wakishaweka mashada na mkuki na ngao, wazee wetu waliopigana vita vya Kagera wanavua medali wanarudi makwao na stori ndo inaishia hapo mpaka mwakani. Mi hoja yangu ni moja tu, hawa wazee wafuatwe majumbani kutibiwa, na kwenye hiyo timu asikosekane mfamasia.

Najua kuna watu watasema nesi anatosha, mfamasia kazi yake dirishani. Si kweli jamani. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 Kampala inaanguka Aprili 1979 leo ni mzee kabisa, na wala hawakuwa wanajeshi wa JWTZ peke yao, walibebwa na mgambo pia, wengi wao walirudi kulima. Sasa ana presha, ana sukari, na goti halimpi usingizi.

Baba mkwe wangu ni mmoja wao, yuko kijijini huku wilaya ya Chamwino. Dawa zake zote anaweka kwenye kopo la maziwa. Kliniki walimpa losartan na vile vidonge vya kukojoa, presha haishuki, wakamwongezea dozi, haishuki, wakaongeza tena. Kila akienda anaulizwa mzee dawa unameza? Anajibu nameza mwanangu, na kweli anameza, tena anameza zote! Ni mpaka shemeji yetu mfamasia alivyokuja msibani akaomba kopo alione, akamwaga vyote mkekani, akakuta diklofenaki kibao ambazo mzee ananunua duka la dawa kila goti likimuuma. Diklofenaki inapandisha presha, na ukiichanganya na hizo mbili za kwanza figo ndo zinaumia. Kliniki hakuna aliyewahi kumuuliza goti anatibu na nini, na yeye asingesema maana kwake ile ni dawa ya maumivu tu, siyo ya hospitali. Kopo lile lisingefika kliniki hata siku moja.

Marekani idara yao ya maveterani inafuata wagonjwa nyumbani tangu miaka ya 1970. Daktari, nesi, ustawi wa jamii, mtu wa lishe, wa mazoezi, msaikolojia na mfamasia ni timu moja, na siyo kwamba ukipata nafuu wanakukata, ni huduma ya muda mrefu kwa wenye magonjwa sugu yaliyorundikana. Mfamasia anapitia dawa zote za mgonjwa, na wapo wenye ruhusa ya kurekebisha dozi wenyewe ndani ya mipaka waliyopewa. Hela wanayo wale, sibishi.

Ila sisi Dodoma hatuko mikono mitupu. Tuna hospitali ya Benjamin Mkapa, tuna hospitali ya rufaa ya mkoa, makao makuu ya jeshi yako hapa hapa, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wameanza kusambazwa nchini tangu 2024. Mfamasia hawezi kupanda boda kila wiki mpaka Mpwapwa au Kondoa, hilo nalijua, lakini mhudumu wa kijiji anaweza kupiga picha kila kitu kilichomo kwenye kopo, na za mitishamba pia, akatuma WhatsApp, mfamasia akaongea na daktari, halafu mara mojamoja waende wenyewe.

Watu wanasema wazee si wanatibiwa bure. Sawa, kwenye karatasi. Nauli ya boda siyo bure, na ukifika ukaambiwa dawa hakuna kanunue nje, hiyo bure iko wapi?

Sheria ya bima ya afya kwa wote ilipitishwa 2023. Naomba wizara na jeshi watujibu hapa hapa gazetini, kwenye kitita cha huduma za hiyo bima mzee wa Kagera asiyeweza kutoka nyumbani amewekewa nini, na nani atalipia safari ya kumfuata?

Msomaji wenu,
Nkuhungu, Dodoma