Wishiboni za alumini zinaua magari ya rimoti

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwajibu wanaowashauri wenye magari ya rimoti wanunue seti nzima ya alumini mara tu kipande cha kwanza kinapovunjika. Ushauri huo unavutia kwa sababu alumini inaonekana ngumu kuliko plastiki, na inang'aa. Lakini kwenye pikapu ya kurukia matuta kama Traxxas Slash, iliyotoka mwaka 2008 na ambayo hadi leo inauzwa, unachofanya ni kuhamisha ubovu kutoka kipande cha bei ndogo kwenda cha bei kubwa.

Tairi la mbele likigonga jiwe, pigo lazima liishie mahali. Wishiboni, yaani mkono unaounganisha tairi na chesisi, ikiwa ya nailoni inanesa, inameza sehemu ya pigo, kisha inarudi ilivyokuwa. Ya alumini haimezi kitu. Pigo linapita hadi kwenye plastiki inayoishika wishiboni mbele ya chesisi, na hapo ndipo panapopasuka. Kubadilisha wishiboni ni kuchomoa pini na skrubu chache. Kubadilisha kipande kile ni kuvua bampa na kufumua sehemu yote ya mbele. Pigo likizidi, alumini nayo hupinda na hairudi. Inapinda kidogo tu, kiasi cha kutoonekana kwa macho, pini inakaza, tairi linachelewa kushuka, na mwenye gari anaanza kulaumu servo, ile mota ndogo inayogeuza usukani. Tena kuna uzito: kwa ujazo uleule alumini ina zaidi ya mara mbili ya uzito wa nailoni, na uzito huo unakaa upande wa tairi, ambako springi inahangaika nao kwenye kila shimo.

Kwa hiyo wishiboni, bampa na hausingi za beringi za nyuma ziwe za nailoni nene. Kampuni ya RPM ya California imejijengea jina kwa vipande vya aina hiyo. Ukifunga wishiboni mpya, usikimbilie kukaza. Pitisha pini kwanza: wishiboni ikiinuliwa na kuachiwa, ianguke kwa uzito wake yenyewe. Ikisita, chukua biti ya drili yenye unene uleule wa pini, izungushe kwa vidole ndani ya tundu, futa unga, jaribu tena. Ukitumia mashine tundu litapanuka na tairi litacheza.

Anayesubiri mzigo kutoka nje ana njia ya bure. Nailoni iliyokauka sana huvunjika kama biskuti, na ikinywa maji inarudia unesaji wake. Chemsha wishiboni zilizotoka na gari kwenye sufuria dakika 20 hivi, zima moto, ziache zipoe humo humo ndani ya maji. Usifanye hivyo kwa bodi, yaani ganda la nje la gari, maana si nailoni bali ni polikaboneti nyembamba.

Shokapu ndizo zinazohitaji uangalifu kuliko vyote, na ndizo zinazopuuzwa. Hapa alumini ina kazi yake halali. Vifuniko vya plastiki vya juu hufyatuka gari likitua vibaya, hasa vikiwa vimekazwa kupita kiasi hadi nyuzi zikalika, na oili yote inamwagika. Vifuniko vya alumini, au shokapu kamili zenye mwili wa alumini, vinamaliza tatizo hilo, kwa kuwa pale hatutaki kipande kinese.

Slash hutoka kiwandani na oili ya silikoni namba 30. Kwenye joto oili hulegea, gari likaanza kudundadunda, hivyo kwa jua letu la mchana namba 40 inafaa zaidi, hasa ukishaongeza bampa nzito. Angalia lakini kipimo cha cSt (sentistoki, yaani uzito wa oili) kwenye chupa, kwa sababu namba za kampuni moja hazilingani na za nyingine. Kwa Team Associated, 30 ni cSt 350 na 40 ni cSt 500. Msitie oili ya injini wala ya breki. Oili ya petroli huvimbisha mipira ya silikoni, na baada ya muda shokapu inakaza kisha inavuja.

Kujaza kunataka subira. Vua springi, vuta fimbo hadi chini kabisa, jaza oili hadi karibu na mdomo, kisha pandisha na shusha pistoni polepole mpaka povu liache kutoka. Iache imesimama dakika 10. Ongeza oili, sukuma fimbo ndani taratibu ili iliyozidi imwagike, ndipo ufunge. Ukisikia mlio wa majimaji ukiichezesha, hewa imebaki ndani, na shokapu yenye hewa hulegea wakati wa kuruka, yaani wakati unaoihitaji. Kwenye jozi moja, zote mbili ziwe na ukinzani sawa mkononi.

Halafu funga betri na bodi, inua gari usawa wa goti na uliachie kwenye udongo. Tumbo la chesisi liguse ardhi kidogo na gari litulie bila kudunda mara ya pili. Likibamiza, ongeza vipande vya kubania springi au tumia springi ngumu zaidi. Likidunda, oili ni nyepesi. Gari likiwa limetulia, wishiboni za nyuma zilale karibu sambamba na ardhi. Wanaolipandisha sana ili lionekane la kutisha wanaligeuza kuwa la kupinduka kwenye kila kona.

Usukani nao una lake. Gia za plastiki za servo zikinyolewa, nunua servo ya gia za chuma, lakini hesabu kwanza meno ya shafti yake: kuna za 23, 24 na 25, na mkono wa moja hauingii kwenye nyingine. Kile kifaa chenye springi kinachoilinda servo dhidi ya mapigo kibaki mahali pake. Wapo wanaokiondoa ili usukani uwe mkali, kisha wanaua servo ya bei mbaya kwenye ukingo wa barabara.

Gundi ya bluu ya skrubu ni ya chuma kwa chuma tu. Kwenye plastiki haina kazi, na baadhi ya plastiki huzipasua. Skrubu inayorudi kwenye tundu la plastiki izungushwe kwanza kinyume mpaka uisikie ikidondokea kwenye njia yake ya zamani, ndipo uikaze; ukiilazimisha inakata njia mpya, na baada ya mara tatu nne tundu limeisha.

Na kabla ya kuweka betri ya seli tatu, kumbukeni kuwa mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati ya pigo huwa mara nne. Vilivyokuwa vinahimili volti 7.4 za seli mbili huenda visihimili 11.1 za seli tatu, na ekseli za plastiki zinazoingiliana ndizo zitakazojisokota kwanza. Hizo badilisheni kwa za chuma.

Kwa wauzaji ninalo ombi moja: acheni kuagiza seti za alumini za rangi rangi. Leteni wishiboni za nailoni moja moja, kulia na kushoto, pini zake, mipira ya shokapu na chupa za oili ya cSt 350 na 500.

Msomaji wenu,
Dodoma