Salamu za Vatikani kwa Waislamu mbona hatusomewi parokiani?

Mhariri, naomba nafasi kidogo niseme jambo linaloniuma.

Mimi ni Mkatoliki, nimezaliwa Tanga na nimekulia nyumba ya kupanga yenye watu wa dini zote. Tangu mwaka 1967 Vatikani inawaandikia Waislamu wa dunia nzima ujumbe wa Ramadhani na Iddi, kila mwaka, na 1991 baada ya vita vya Ghuba Papa Yohane Paulo II aliusaini mwenyewe, Fransisko naye akafanya hivyo 2013. Wahindu nao wanaandikiwa kwa sikukuu yao ya Diwali, Wabudha wanaandikiwa kwa sikukuu yao ya Vesak. Sasa mimi nimesali parokia yangu miaka yote hii na sijawahi kuusikia huo ujumbe ukisomwa hata mara moja, wala kwenye matangazo baada ya komunyo wala kwenye jumuiya. Nimeukuta kwenye simu tu.

Na haya sio mambo ya Papa mmoja kujiamulia. Tamko la Nostra Aetate lilitolewa na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, tarehe 28 Oktoba 1965, maaskofu 2,221 walilikubali na 88 tu wakakataa, na Kardinali Laurean Rugambwa wetu wa huku Tanzania alikuwa mmoja wa mababa wa Mtaguso huo. Linasema wazi kabisa Kanisa linawaheshimu Waislamu, kwamba wanamwabudu Mungu mmoja, wanamheshimu Bikira Maria, wanasali, wanatoa sadaka na wanafunga. Hayo ni mafundisho ya Kanisa jamani, sio maoni ya mtu.

Nasema hivi kwa sababu mwaka juzi mjukuu wangu alirudi kutoka mafundisho ya komunyo ya kwanza akakataa kula pilau ya Iddi iliyoletwa na jirani, eti mwalimu wao kawaambia chakula cha Waislamu kina mambo yake. Nilishika ile sahani mkononi, bado ya moto, imefunikwa na kawa, nikakosa la kusema. Hiyo sahani ina historia, mama yangu alikuwa hairudishi tupu, Krismasi inarudi na maandazi, na kuku wetu wa Krismasi tulikuwa tunampeleka kwa baba yake huyo huyo jirani amchinje ili siku hiyo wote tule bila mtu kujiuliza. Marehemu baba alipofariki waliochimba kaburi wengi walikuwa wa msikitini, na walikaa nasi matanga mpaka mwisho.

Najua wapo na upande wa pili wanaowakataza watoto wao chakula chetu, lakini mimi naongea na wenzangu Wakatoliki kwanza.

Ninachoomba sio kikubwa. Ujumbe ukitoka, paroko ausome Jumapili, dakika tano zinatosha, halafu wenyeviti wa jumuiya wachukue kopi wampelekee imamu wa msikiti wa jirani kwa mkono, wasitume tu kwa wasapu. Mwaka huu mimi niliprinti moja nikampa jirani yangu, akavaa miwani akaisoma yote pale pale barazani, akaniuliza, "Hii mnaandikiwa kila mwaka?" Nikamwambia hapana mzee mwenzangu, mnaandikiwa nyie.

Na wewe mhariri, Ramadhani ijayo tuwekee huo ujumbe gazetini, hata kwa kifupi.

Msomaji wenu, Tanga