Risala ya Kamati ya Malezi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi na Mwongozo wa Kazi, Busia, Uganda

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Bodi ya Shule na wajumbe wako,
Mwalimu Mkuu na walimu wote,
Viongozi wetu wa dini,
Ndugu mliovuka mpaka asubuhi hii kutoka upande wa Kenya,
Wazazi na wanafunzi,

Hamjambo, na karibuni sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kuukubali mwaliko wetu, na tunakushukuru zaidi kwa kufika. La kufika tunalitaja kwa makusudi, maana kiti hicho ulichokalia kimewahi kukaliwa na barua ya udhuru.

Historia yetu ni fupi. Shule ilianzishwa na wazazi wa hapa Busia, ikachukuliwa na serikali, kisha ikaingia katika mpango wa elimu ya sekondari kwa wote ulioanza mwaka 2007. Mengine yamo katika kalenda ya shule, ambayo inauzwa pale getini kwa bei nafuu.

Mafanikio ni mengi mno. Timu ya netiboli ilifika robo fainali ya wilaya, na ingeendelea kama si mvua na refa. Klabu ya Kiswahili ilifanya ziara ya kielimu ya kimataifa: walivuka kwa miguu hadi Busia ya Kenya, wakapita katika kituo cha pamoja cha mpakani, wakawahoji maofisa wa forodha wa nchi mbili, na wakarudi kuwahi posho, yaani ugali, na maharagwe bila mtoto hata mmoja kupotea. Tangi la kunawia mikono tulilolipata shule zilipofunguliwa tena Januari 2022 lingali linatoa maji. Wajumbe wengine walitaka orodha iendelee, lakini jua ni kali, na jambo lililotufanya tukuandikie ni moja.

Tunaomba mshauri nasaha wa kudumu aliyesomea kazi hiyo, na chumba chenye mlango.

Kwa sasa kazi ya ushauri inafanywa na mwalimu mlezi wa wasichana na mwenzake wa wavulana. Wote wawili wana vipindi kama walimu wengine, na malezi ni nyongeza isiyo na malipo. Mlezi wa wasichana anafundisha historia, kwa hiyo hata lile ongezeko la mishahara la mwaka 2022 lililowafikia walimu wa sayansi lilimpita pembeni. Tusiingie huko, leo ni sikukuu. Lakini ujue, Mgeni Rasmi, kwamba mama huyo ndiye hupokea binti aliyeingia hedhini katikati ya somo, mvulana anayetoroka kila siku ya soko kwenda kuvusha mizigo kwenye njia za panya, na mwingine anayeona dhahabu ya machimboni ina faida kuliko jiografia. Wapo pia watoto wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi, ambao hawataki wenzao wa bwenini wajue. Dawa hizo zinakaa kwenye droo yake, pamoja na chaki.

Anawasikiliza wapi? Ghalani, palipo na magunia ya unga wa posho. Ukuta wa ghala haujafika darini. Binti akianza kulia ndani, kidato cha pili wanaacha hesabu wakasikiliza. Muhula uliopita mmoja alieleza siri yake humo kabla ya mapumziko, na kufikia saa ya chakula shule nzima ilikuwa inaijua. Hakurudi tena. Miongozo ya wizara ya mwaka 2020 inataka binti aliyejifungua apokelewe shuleni, nasi tunaiunga mkono kwa moyo wote. Lakini wa kumpokea ni nani? Mlinzi wa geti?

Tunaambiwa ipo namba ya bure ya 116, mtoto apige simu. Ni huduma nzuri. Wanafunzi wetu hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni.

Tena viboko vimekatazwa na sheria, Sheria ya Watoto ilivyorekebishwa mwaka 2016. Kamati hii haiombi virudi, ingawa mzee mmoja kati yetu ameomba isomwe kwamba yeye hakubaliani. Tunachosema ni kwamba fimbo iliondolewa na pale ilipokuwa hapakuwekwa kitu. Mwalimu wa zamu akikuta mvulana ananuka pombe, ana njia mbili tu: kumfukuza au kujifanya hakunusa. Mshauri angekuwa njia ya tatu. Angemwita, angemtafuta mzazi, na pengine angegundua kwamba pombe hiyo inapikwa nyumbani na ndiyo inayomnunulia madaftari.

Halafu kuna hili la masomo, ambalo wazazi mlioko hapa mnalijua. Kwa mtaala mpya ulioanza mwaka 2020, mtoto akiingia kidato cha tatu anabaki na masomo nane au tisa, na saba kati ya hayo ni ya lazima. Hayo mengine anachagua mwenyewe, na wengi huchagua alichochagua rafiki. Matokeo ya kwanza ya kidato cha nne kwa mtaala huo yalipotoka mwanzoni mwa 2025, yalikuja na herufi kuanzia A hadi E. Wazazi waliuliza divisheni, yale madaraja ya jumla ya zamani, hazikuwapo. Walimu wetu waliwaeleza kadiri walivyoelewa wao wenyewe. Mtoto akikosea kombinesheni ya masomo kidato cha tano, hugundua akiwa kidato cha sita kwamba uuguzi aliouota unadai baiolojia na kemia, naye amesoma historia na dini. Siku hii ya mwongozo wa kazi inakuja mara moja kwa mwaka. Uamuzi wa namna hiyo unataka mtu wa kuendewa Jumanne yoyote.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wewe si wa kwanza kuombwa haya. Mgeni mmoja alitangaza hapahapa, kwa kipaza sauti cha kukodi, kwamba mshauri angeripoti muhula uliofuata. Tulipiga makofi, tukamtafutia hata chumba cha kupanga. Mwenye chumba bado anatudai. Mwingine aliweka jiwe la msingi la ofisi ya ushauri. Jiwe lipo, limechongwa vizuri, umepita karibu nalo ulipokuwa unaingia. Ni lile alilosimama juu yake mbuzi. Aliyeliweka sasa ana majukumu makubwa Kampala, na simu yake hupokewa na msaidizi mwenye adabu sana. Hatumlaumu mtu. Ila makofi ya hapa yamepungua, na ukiyaona machache leo usidhani ni dharau kwako.

Kwa hiyo tumeona tuseme waziwazi tunachohitaji. Walimu wa sekondari za serikali huajiriwa kupitia Tume ya Utumishi wa Elimu, na nafasi hutakiwa iombwe kwanza. Barua ya kuiomba imeandikwa, Mwalimu Mkuu anayo mkononi. Tunaomba uibebe wewe, kwa sababu tuliyoituma kwa basi haikujibiwa. Ajira ikichelewa, na tunajua itachelewa, tusaidie tupate mwalimu mwingine wa historia ili mlezi wa wasichana apunguziwe vipindi hadi nusu. Kumlipa sisi wenyewe hatuwezi, kwa kuwa shule za mpango wa sekondari kwa wote haziruhusiwi kutoza ada, na ruzuku ya serikali inaishia kwenye chaki na umeme.

Kuhusu chumba, wazazi wamekwisha kufyatua matofali. Yako nyuma ya jiko, ukitaka tutakupeleka. Kilichobaki ni simenti, mabati, mlango na kufuli. Kufuli tunalitaja peke yake kwa kuwa faili za watoto zinakaa kwenye mkoba wa mwalimu, naye huenda nazo nyumbani kwa bodaboda.

Tumekuandalia jogoo na kikapu, utakabidhiwa baada ya chakula. Kabla ya chakula, katibu atakuletea kitabu cha wageni. Kurasa zake zimejaa maneno matamu, “shule nzuri”, “endeleeni hivyohivyo”, na saini ambazo hatuwezi kuzisoma. Kwako tunaomba uandike mambo mawili tu: jina la mtu ofisini kwako tutakayemfuata, na tarehe.

Naomba kuwasilisha.