Kaka, dozi ile ilistahili kukatishwa

Kaka,

Nasikia bado unawaambia watu kwamba nilimkatisha Mama dozi ya Septrin, ile antibiotiki. Ni kweli, nilimkatisha. Naandika hapa kwa kuwa simu yangu hupokei, na Mama sasa anakaa kwako.

"Maliza dozi" tumekua nayo sote. Lakini hiyo ni kwa mtu ambaye dawa haimdhuru. Septrin ina salfa, na mzio wake mkali kwa kawaida huanza kati ya siku ya 4 na ya 28. Hutangulia homa, koo kuuma na macho mekundu, ukadhani ni mafua. Ndiyo maana uliona ugonjwa umezidi, ukazidisha bidii. Midomo ya Mama imechubuka, hata mate hayamezeki, nawe unasaga vidonge viwili kwenye kijiko cha uji ili viteleze! Hapo ndipo nisipoweza kupasahau. Vidonda mdomoni, mabaka yanayouma, ngozi inayovuka ukiigusa tu: dawa inaachwa saa hiyohiyo, na mgonjwa anakimbizwa hospitali. Hakuna tiba inayotangulia hiyo. Yanayofuata ni kumuuguza kama aliyeungua: dripu, chumba chenye joto, vaselini na shashi isiyoganda kwenye kidonda, plasta marufuku. Ile krimu nyeupe ya majeraha ya moto, uliyoninunia kwa kuikataa, nayo ina salfa.

Ulimlisha kwa mapenzi, sikatai. Usiku mzima ulikuwa ukimgeuza, mimi nimelala kwenye benchi. Lakini usinigeuze mimi kuwa adui.

Akiugua malaria, dawa mseto haina salfa, apewe; SP, ile ya malaria yenye salfa, asipewe kabisa. Mzio uandikwe kwa kalamu nyekundu kwenye daftari lake la kliniki. Macho yakiwa ya njano na mkojo ukafanana na chai ya rangi, apimwe ini siku hiyohiyo, na panado usimpe mpaka daktari aseme. Augmentin, antibiotiki nyingine, inaweza kuleta hayo hata wiki kadhaa baada ya dozi kuisha, zaidi kwa wazee. Kope zinazoota kwa ndani usizing'oe. Mpeleke kliniki ya macho, na matone yake yasikatike.

Dukani usiulize tu kama dawa ni Septrin. Kwenye boksi mara nyingi wameandika Co-trimoxazole, ndiyo hiyohiyo, na muuzaji atakuapia kwamba ni dawa nyingine.

Jumamosi nakuja kumwona. Ukitaka, usiwepo.