Shukrani kwa Fundi wa Ndege wa Wilson

Kwa niaba ya familia, nawashukuru nyote mliotufariji tangu baba alipotutoka kwa maradhi. Lakini yupo mmoja ambaye jina lake hatulijui: mzee aliyejitambulisha tu kuwa fundi wa ndege pale Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi.

Mzee wetu, ulikuja matangani ukaketi na wajukuu wa marehemu nje ya hema. Walijua babu yao alipenda kurusha ndege ndogo, basi. Wewe ukawaeleza kwamba kabla ya kila safari alichota mafuta kidogo kutoka kwenye matangi ya mabawa, akayatazama kwenye mwanga kama yameingia maji. Ukawaeleza kwamba Nairobi iko juu sana, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari; hewa ni nyepesi, na joto la mchana huizidisha wepesi, hivyo ndege hukimbia mbali zaidi kabla ya kupaa. Hapo mama akaelewa kwa nini baba aliondoka asubuhi na mapema. Na kila Jumapili alirudi tukala pamoja.

Ulisema pia aliwahi kuahirisha safari mawingu yalipofunika vilima vya Ngong, rafiki zake wakanung'unika, naye akajibu kwamba ana watoto nyumbani. Hilo hakuwahi kutuambia. Nimelia sana kwa ajili yake.

Uliondoka kabla hatujakuaga. Tafadhali, fika nyumbani. Mama anataka kukushukuru mwenyewe, na mjukuu mkubwa ana maswali mengi kuhusu injini. Mungu akubariki.