Mwanaidi, usinunue mota kwanza

Buruburu, Nairobi
Jumapili usiku

Mpenzi Mwanaidi,

Hujambo dada? Bi Mkubwa hajambo? Mfikishie shikamoo yangu sasa hivi kabla hujaendelea kusoma. Huku tu wazima, Mama anaendelea vizuri, mvua imetufungia ndani tangu Ijumaa. Nilikusudia nikikuandikia iwe ni kuhusu arusi ya Saumu ambayo sikufika, na deni hilo bado ninalo, sijalisahau. Lakini Baba Neema alipita hapa jana akanipa habari kwamba dirisha la dereva la gari lako linashuka halipandi, na kwamba fundi amekwambia mota inayokipandisha kioo imekufa, utafute pesa mwisho wa mwezi. Usingizi haukunijia vizuri. Mwanaidi, tafadhali, usinunue mota. Angalau soma haya kwanza.

Nakuomba hivyo kwa sababu mimi nilinunua.

Unalijua dirisha la mbele kushoto, upande anaokaa Mama. Mwezi wa pili lilianza kugoma, siku linakubali, siku linakataa. Nikalipeleka garaji moja ya karibu. Fundi alibonyeza swichi mara moja, akatega sikio, kimya. Akasema, "Mota." Hakupima kitu kingine chochote. Nikashuka Kirinyaga Road, au Grogan kama tunavyoiita mpaka leo, nikazunguka duka hadi duka nusu siku nzima, maana mota ya kushoto haiingii kulia na plagi lazima zifanane. Nikapata ya Japani iliyotumika, shilingi 4,500. Fundi akaifunga, akaniita nione. Kioo kikapanda, kikashuka, kikapanda tena, mara tano nilihesabu. Nikalipa ufundi, nikashukuru, nikaenda zangu.

Alhamisi tukatoka na Mama kwenda kliniki. Palikuwa na joto, akashusha kioo apate hewa. Tulipofika karibu na mzunguko wa City Stadium mvua ikashuka, ile ya huku isiyobisha hodi, na magari yamesimama kila upande. Mama akabonyeza swichi. Nami nikabonyeza ya kwangu. Kimya. Kwa dakika arobaini Mama alikaa hapo amejifunika leso kichwani, bega la kushoto limelowa chapachapa, amelalia kadi zake za kliniki zisiharibike. Matatu ikapita ukingoni ikamrushia maji ya matope. Hakulalamika hata mara moja, ila aliniuliza kama mimi nimelowa. Mwanaidi, nilikuwa sijui nitazame wapi.

Nikarudi kwa fundi. Akafungua mlango, akatoa ile paneli ya ndani, akabonyeza, kioo kikapanda! Akaniambia labda Mama hajui kubonyeza. Hilo sijalimeza mpaka leo. Wiki ile yote nilikuwa nikiziba dirisha kwa nailoni ya godoro na gundi ya karatasi, nayo nailoni yenyewe niliiomba kwa jirani, maana tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2017 hata kipande cha kuziba mvua hukipati nyumbani ovyo.

Sasa sikiliza jinsi ilivyojulikana. Tumefika hospitali Alhamisi iliyofuata, Mama amefungua mlango, mguu mmoja nje, mkono bado unabonyeza ile swichi kwa mazoea tu. Kioo kikapanda. "Njeri! Kimekuja!" Nikamwambia afunge mlango, abonyeze. Kimya. Fungua, bonyeza, kinacheza. Funga, kimya. Mama aliketi akafikiri kidogo. Unajua alivyoshona nguo miaka yote ile pale Kaloleni. Akaniambia, "Kitambaa huchanikia penye mkunjo. Tazama pale mlango unapojikunja."

Na ndipo hapo hapo penye shida. Ukifungua mlango wako, tazama upande wa bawaba. Utaona mpira mweusi wenye makunyanzi unaotoka kwenye nguzo ya gari na kuingia mlangoni. Humo ndimo mnamopita nyaya zote za mlango. Kila mlango ukifunguliwa na kufungwa, nyaya zile hujikunja na kujinyoosha, miaka na miaka, mpaka shaba inakatika ndani huku ganda la nje likionekana zima. Kwangu, mlango ukiwa wazi, ncha zilizokatika zinagusana. Ukifungwa, zinaachana.

Basi umeelewa kwa nini mota mpya "ilifanya kazi" kule garaji? Fundi huwa amefungua mlango. Anapofunga mota, mlango uko wazi. Anapojaribu, mlango uko wazi. Mimi mwenye gari ndiye niliyekuwa nikitumia dirisha mlango ukiwa umefungwa. Hakunidanganya, naamini hivyo, lakini hakujiuliza, na kutojiuliza kwake kulimlowesha mama yangu.

Kijana mmoja wa Kariobangi, fundi wa stima ya gari, ndiye aliyelimaliza jambo. Nilimpenda kwa sababu hakushika bisibisi kwanza. Aliniuliza maswali. Madirisha mengine yanafanya kazi? Ndiyo, yote matatu. Basi fyuzi kuu na rilei, ile swichi inayoendeshwa na stima, tuziweke kando, japo yako magari yenye fyuzi ya kila mlango, kwa hiyo akaitazama tu. Kile kitufe cha dereva cha kufungia madirisha hakijabonyezwa? Hapana. Ukibonyeza swichi, taa ya ndani inafifia kidogo? Hilo sikuwa nimewahi kulitazama. Akanieleza: kama taa inafifia, stima inafika kwenye mota lakini mota imekwama, haizunguki. Taa isipotikisika kabisa, stima haifiki, kwa hiyo hata ukibadilisha mota kumi ni bure. Yangu haikutikisika.

Kisha akafanya jambo lililonishangaza. Aliweka mita kwenye plagi ya mota, ikasoma volti 12, vizuri kabisa. Nikasema basi stima ipo. Akatikisa kichwa, akachukua balbu ya taa ya mbele ya gari, akaiunga mahali pale pale. Ikawaka mwanga mwekundu hafifu, kama kaa la jiko linalozimika. Akasema mita hainywi stima, inaonja tu; hata uzi mmoja wa shaba uliobaki unatosha kuiridhisha. Balbu ile inakunywa stima nyingi, karibu kama mota, kwa hiyo inausema ukweli. Akauvuta ule mpira nje ya nguzo. Waya mmoja umekatika kabisa, mwingine umebaki nyuzi mbili tatu, shaba imegeuka kijani.

Hakuzisokota na kuzifunga tepu. Alikata sehemu iliyochoka, akaweka waya mpya laini mrefu kidogo kuliko wa kwanza, akaunga kwa lehemu nje ya ule mkunjo, upande wa nguzo na upande wa mlango, kila kiungo mahali pake visilaliane, akavivika mipira midogo inayojibana ikipata joto. Kiungo kikikaa penye mkunjo, anasema, baada ya miezi mtarudi pale pale. Saa moja na nusu, akamaliza.

Ile mota ya zamani niliidai siku ile ile niliyobadilisha, nikaiweka kwenye gazeti. Nilipomwonyesha yule kijana aliigusisha kwenye betri. Ikazunguka. Akageuza nyaya, ikazunguka upande wa pili. Nzima kama siku iliyotoka Japani! Iko hapa mezani ninapoandika.

Sasa turudi kwako, maana lako si sawa na langu na sitaki uende kumwambia fundi "ni waya" kwa sababu Njeri kasema. Lako linashuka, halipandi. Hebu fikiri: mota ya dirisha haina upande wa kupandia na upande wa kushushia. Ni mota moja, nyaya mbili. Swichi ndiyo inayogeuza waya upi upate stima na upi urudi kwenye bodi ya gari, na mota inafuata. Ikiwa inashuka kwa nguvu zake za kawaida, mota ile haijafa. Mfu hatembei upande mmoja.

Kwa hiyo nataka usikilize. Zima redio, washa ufunguo bila kuwasha injini, uvute swichi kupandisha, usiku ikiwezekana ili uione taa ya ndani. Ikiwa ni kimya kabisa na taa haififii, mimi ningeitazama swichi kwanza. Wewe unavuka kivuko cha Likoni huko Mombasa kila siku kioo kikiwa chini, na ile hewa ya chumvi haina huruma na shaba. Vile vidude vya ndani ya swichi vinavyogusana huungua na kuota kutu, na cha kupandishia ndicho kinachoteseka zaidi, kwa sababu kupandisha kioo ni kazi nzito kuliko kukishusha. Swichi inatoka kwa kuchokoa kwenye paneli, si kazi kubwa, na mara nyingi husafishika kwa spiriti na brashi ndogo. Ikiwa imeungua, swichi ndiyo inunuliwe.

Lakini ukisikia mota inaguna na kioo kinajitahidi, hasa kama ukikisaidia kwa viganja kinapanda, basi tazama mipira ya kando anamopita kioo. Ikikauka na kujaa mchanga inakibana. Ioshe, ikauke, ipulizie silikoni. Usikubali mtu akupakie grisi wala oili ya injini. Mpira unavimba na vumbi linaganda humo. Na ukisikia mota inazunguka kwa raha lakini kioo kimetulia, basi ni ule mtambo wa kupandishia, pengine kebo imekatika, na hapo pia mota haina kosa.

Ndiyo, mota hufa kweli, sikatai. Lakini afe kwanza ndipo azikwe. Mwambie fundi wako achomoe plagi ya mota, aipe stima moja kwa moja kutoka kwenye betri, waya wenye fyuzi, mbele yako. Ikizunguka huku na kule, imeshinda kesi. Na mvua ikikukuta kabla ya hapo, njia hiyo hiyo itapandisha kioo ulale salama. Isiwe kwa muda mrefu, maana ikipata moto kifaa cha ndani huikata mpaka ipoe, mtu akadhani imeungua. Mikono yako iwe mbali na kioo, tafadhali.

Jambo moja tu kabla sijasahau: chini ya paneli ya mlango kuna nailoni imebandikwa. Irudishwe kama ilivyokuwa. Yangu ilichanwa ikaachwa, nikaja kukuta zulia limelowa na kunuka, nikadhani ni kioo kumbe maji yalikuwa yakipitia mlangoni.

Nimeandika mengi na bado sijakuuliza chochote. Lilianza ghafla au lilikuwa likichoka polepole? Umebadilisha betri hivi karibuni? Nauliza kwa sababu magari yenye kioo cha kupanda chenyewe kwa mguso mmoja husahau mafunzo betri ikitolewa, na huhitaji tu kushikilia swichi juu sekunde chache kioo kikifika. Swichi za abiria zilizo mlangoni kwako zinafanya kazi zote? Je, chai ilimwagika hapo? Ukibonyeza huku mlango uko wazi, kuna tofauti yoyote? Fundi amepima au amesikiliza tu? Umekwisha mpa pesa? Kama umempa, anaweza kuirudisha?

Na Bi Mkubwa anakaa upande gani siku hizi, mbele au nyuma? Mama anauliza kama ile safari ya mwezi wa nane ipo bado. Amekwisha nunua leso mpya ya kukuletea, na anasema atakaa mbele kushoto, kioo chini, kutoka Mariakani mpaka mlangoni kwako.

Nijibu upesi, hata mistari miwili tu. Niambie taa ilififia au haikufifia.

Wako,
Njeri