Barua kwa mwanangu: Japani na mama yako

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum warahmatullah. Hapa Tanga sote hatujambo. Mama yako anakusalimu sana, na kila anayepita barazani anasimuliwa habari ya safari. Tangu astaafu ualimu sijamwona na furaha ya namna hii. Mwenyezi Mungu akulipe kheri, mwanangu.

Ratiba uliyonitumia nimeisoma na kuirudia. Naona ulivyohangaika nayo. Lakini miji 10 kwa usiku 13 ni mingi, na kwa magoti ya mama yako ni mingi zaidi. Nakuomba ukate baadhi, na kuna mmoja nakuomba usiukate kabisa.

Tuanze na siku ya kuhama. Treni zao ni za haraka kweli: ile ya Tokyo na Osaka inafika kilomita 285 kwa saa, wakati SGR yetu ya Dodoma mwisho wake ni 160. Kwa hiyo ukitazama karatasi unaona Kyoto hadi Hiroshima ni saa moja na dakika 40 tu, unajiambia hiyo si safari. Sasa hesabu vizuri. Hoteli nyingi za kule zinataka utoke chumbani saa 4 au saa 5 asubuhi, na kule unakokwenda hupewi chumba kabla ya saa 9 alasiri. Katikati hapo mama yako hana kitanda cha kunyoosha mguu wala mahali pa kuswali kwa utulivu. Yuko stesheni, na stesheni zao kubwa ni mji mzima chini ya ardhi. Lifti zipo, lakini mara nyingi ziko upande wa pili kabisa, na ukitokea mlango usio wako unatembea robo saa kurudi. Ukihama mara tisa, hizo ni siku tisa za namna hiyo, na wewe ndiye utakayekuwa unaburuta masanduku yote mawili.

Kwa hiyo Sapporo itoe. Reli ya mwendokasi haijafika huko. Inaishia Shin-Hakodate-Hokuto, kama saa nne kutoka Tokyo, kisha kuna treni ya kawaida ya saa tatu na nusu hivi. Ukienda kwa ndege bado ni siku nzima kwenda na kurudi, kwa ajili ya usiku mmoja. Takayama na Kanazawa ni miji mizuri sana, siwezi kukudanganya, lakini iko upande wa milimani na baharini kaskazini, na tangu Machi 2024 ukitoka Kanazawa kwenda Kyoto lazima ubadilishe treni Tsuruga. Iache kwa safari yako na mumeo. Nikko nayo ina ngazi za mawe zisizoisha. Kaburi la Tokugawa Ieyasu, mtawala wao wa zamani, liko juu kabisa. Mama yako atabaki chini anakungoja.

Nara na Osaka usizitoe, ila msilale huko katikati ya safari. Nara ni dakika 45 kutoka Kyoto kwa treni. Mtaondoka baada ya chai, mtaona paa wanaotembea huru mjini na ukumbi mkubwa wa mbao wa hekalu la Todaiji, na jioni mko kitandani kwenu. Osaka ni karibu zaidi.

Mimi ningeipanga hivi: Tokyo usiku 4, Hakone usiku 1, Kyoto usiku 5, Hiroshima usiku 2, na usiku wa mwisho Osaka. Jumla ni 13 zile zile, lakini mnafungua masanduku mara chache.

Halafu usirudi Tokyo kupanda ndege. Hilo la kurudi Tokyo limekula siku nzima kwenye ratiba yako bila faida yoyote. Muulize wakala tiketi ya kuingilia Tokyo na kutokea uwanja wa Kansai, ule uliojengwa baharini karibu na Osaka. Emirates wanatua Dar, Tokyo na Kansai, na kuna mashirika mengine pia. Mara nyingi nauli haitofautiani sana, na mnakwenda mbele tu mpaka nyumbani.

Hapo utaona pia kwamba ile pasi ya treni ya wageni haiwafai. Wengi bado wanainunua kwa mazoea. Mpaka Oktoba 2023 pasi ya siku 7 ilikuwa yeni 29,650, wakaipandisha hadi 50,000. Kwa njia ninayokueleza, treni za mwendokasi mtakazopanda ni Odawara (stesheni ya karibu na Hakone) hadi Kyoto, Kyoto hadi Hiroshima, na Hiroshima hadi Osaka. Tiketi zote hizo kwa mtu mmoja hazifiki yeni 40,000. Kateni moja moja; viti vinafunguliwa mwezi mmoja kabla ya siku ya safari. Kumbuka treni ile ya haraka zaidi, Nozomi, haisimami Odawara; tafuta ile iitwayo Hikari inayosimama pale. Shikeni viti vya herufi D na E: E ndicho cha dirishani upande wa mlima Fuji, mwachie mama yako. Baada ya Odawara aanze kutazama kulia. Ukungu ukiwa umekaa hamtaona kitu, hilo hakuna wa kulipanga.

Masanduku makubwa msisafiri nayo Hakone. Asubuhi ya kuondoka Tokyo yakabidhini mapokezi ya hoteli, mwambie mhudumu "takkyubin", ataleta fomu mjaze anwani ya hoteli ya Kyoto. Kwa kawaida yanafika kesho yake. Nyinyi mnakwenda Hakone na begi dogo la nguo za usiku na dawa. Huduma hii ndiyo itakayowapumzisha kuliko hoteli yoyote ya bei. Tena kwenye treni zile sanduku ambalo urefu, upana na kina chake vikijumlishwa vinapita sentimita 160 linahitaji kiti maalumu kilichowekwa mapema, la sivyo mnalipishwa.

Hakone pana nyumba za wageni za kijapani, na hapo nisikilize kwa makini. Sehemu nyingi wanalala kwenye godoro jembamba lililotandikwa chini juu ya mkeka. Kwa magoti ya mama yako haiwezekani. Omba chumba chenye vitanda, vipo. Maji ya moto ya chemchemi yatamfaa sana mguu, lakini bafu lao la pamoja watu wanaoga bila nguo hata kidogo, wanawake na wanawake wenzao, na mama yako unamjua. Tafuta nyumba yenye bafu la faragha la kukodi kwa muda, wanaliita kashikiri. Mnajifungia, mnakaa kwenye vile vibao vifupi mnajiosha kwa sabuni na kujisuuza kwanza, ndipo mnaingia kwenye maji. Na chakula cha usiku kinaandaliwa mapema, saa 12 au saa 1 jioni. Mkichelewa mmekosa.

Kuhusu chakula, waandikie kabla: hakuna nguruwe, hakuna pombe, na utaje mirin kwa jina, maana ni mvinyo wa mchele unaotiwa kwenye michuzi mingi bila mtu kuufikiria kama pombe. Samaki wapo kila mahali na wali upo, hamtalala njaa. Kwenye yale maduka madogo yasiyofungwa usiku mtakuta onigiri, wali uliokandwa ukafungwa kwa mwani. Chukueni ya samaki samoni.

Pangeni Ijumaa iangukie Tokyo. Uko msikiti wa Waturuki, Tokyo Camii, karibu na stesheni ya Yoyogi-Uehara. Ulijengwa mara ya kwanza 1938, na huu wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Mkipata nafasi mkiwa Osaka, Kobe iko karibu sana kwa treni, na ndiko kuliko msikiti wa kwanza wa Japani, wa mwaka 1935. Ulibaki umesimama kwenye mabomu ya vita na kwenye tetemeko la 1995. Mimi niliswali pale nilipopelekwa kule kwa mafunzo ya bandari, na ningependa mama yako naye aswali pale.

Mji nisiotaka uukate ni Hiroshima, tena nataka uuongezee muda. Kwenye ratiba yako umeupa saa nne, mnashuka, mnaona, mnapanda tena. Mama yako amefundisha Vita vya Pili vya Dunia ubaoni maisha yake yote ya kazi. Tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo asubuhi, ameiandika kwa chaki mbele ya watoto wa watu wengi mno. Mpe nafasi asimame mahali penyewe. Jengo lenye kuba lililobaki mifupa lipo kando ya mto, na bomu lilipasuka angani karibu juu yake, kama mita 600 kutoka ardhini. Mji unakadiria watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa ilipofika mwisho wa mwaka ule. Ndani ya makumbusho kuna kisanduku cha chakula cha mwanafunzi, na chakula chenyewe bado kimo ndani, kimeungua kikawa mkaa. Mwalimu hawezi kukitazama kile akatoka akakimbilia treni. Nendeni asubuhi, na baada ya hapo siku hiyo msipange kitu. Kaeni bustanini, mruhusu anyamaze au aongee, atakavyo.

Kesho yake ndipo mwende kisiwa cha Miyajima, kivuko ni dakika 10. Lile lango jekundu la mbao limesimama baharini. Maji yakijaa linaonekana linaelea, yakipwa watu wanalifuata kwa miguu kwenye matope. Sisi watu wa pwani hatuwezi kwenda mahali kama pale bila kujua maji, kwa hiyo tazama jedwali lao la siku hiyo na mpange mfike yakiwa yamejaa, mbaki mpaka yatoke.

Jambo la mwisho ni tarehe. Najua umechagua mwisho wa Aprili ili uunganishe likizo na Muungano na Mei Mosi. Nao wana mfululizo wa sikukuu wakati huo huo: 29 Aprili, kisha 3, 4 na 5 Mei. Nchi nzima inasafiri, hoteli zinapanda bei, na kwenye Nozomi mabehewa yote yanakuwa ya viti vilivyowekwa mapema tu. Ongea na bosi wako usogeze mpaka baada ya tarehe 10 Mei. Hewa bado ni nzuri, na mvua zao za Juni hazijaanza.

Ubalozi pale Dar watataka ratiba ya siku kwa siku, mahali mtakapolala na namba ya simu ya kila hoteli, kwa hiyo amua kwanza ndipo ujaze fomu. Weka hoteli zinazokubali kufutwa bila makato mpaka viza itoke. Pasi ya kusafiria ya mama yako nimeiangalia, ina muda wa kutosha. Picha za viza tutapiga Jumatatu.

Nitumie ratiba mpya ukimaliza, niipitie kabla hujalipa chochote. Msalimie mumeo.

Baba yako,
Tanga